Ndiyo ya Kila Siku

Soko la Tarime lilikuwa limefurika siku ile, ndizi zimepangwa mpaka njiani, na Irine alikuwa ameinama kuchagua nyanya alipohisi mkono mkavu ukimshika kiganja. Akageuka. Bibi kizee, kanga kiunoni na sweta kalivaa nyuma mbele, alikuwa akimtazama kwa furaha ya mtu aliyekipata alichokuwa akikitafuta.

"Binti, umekubali kuolewa nyumbani kwangu?"

Wauza nyanya wakaangua kicheko. Irine hakucheka. Alikuwa mzaliwa wa Mugumu, mwanafunzi wa ustawi wa jamii chuoni Mwanza, na likizo ile ndefu ilikuwa imemleta Tarime kufanya utafiti juu ya wazee wenye ugonjwa wa kusahau: nani anawatunza, hasa katika nyumba zisizofanana na zile za vitabuni. Alikwishafundishwa kwamba mzee wa namna hii habishiwi.

"Ndiyo, bibi," alisema taratibu. "Twende nyumbani basi."

Bibi akamfuata. Hawajafika mbali, kijana mrefu akaja mbio, ovaroli imejaa grisi, jasho linamtiririka.

"Bibi! Tumekutafuta tangu asubuhi!" Kisha akamwona aliyeshikana naye mkono: gauni la njano, nywele zimesukwa zikabanwa nyuma, macho yanayocheka kabla ya mdomo. Akajifuta jasho haraka. "Samahani, dada. Amekusumbua?"

"Hapana. Amenichumbia tu."

"Na wewe ukamjibuje?"

"Nimekubali. Wewe ndiye mshenga?"

Kijana alicheka mpaka akashika magoti. Aliitwa Werema, fundi wa pampu za kuvuta maji mashimoni kule Kewanja, maana dhahabu ilikuwa inaita, na kila kijana wa Tarime alikuwa na tope la machimbo viatuni.

Nyumbani kwao, nyuma ya maduka ya Bomani, Irine alimkuta Mokami, mama yake Werema, akakaribishwa kukaa, na utafiti wake ukapata makao. Yule bibi, Wankuru, hakujaliwa mtoto wa kiume. Kwa mila ya Wakurya alitoa ng'ombe akamwoa Mokami, ili nyumba yake ipate watoto. Nyumba ntobhu, ndivyo wanavyoiita. Sasa Mokami ndiye aliyemwogesha, akamlisha na kumwimbia.

"Hospitali wananiuliza, wewe ni nani wake?" Mokami alimweleza. "Nikisema huyu ndiye aliyenioa, wanacheka. Wanataka mtoto wa kumzaa. Sasa mimi niende wapi?"

"Na hilo swali lake la kuolewa, mama?"

"Ndivyo alivyoniuliza mimi, palepale sokoni. Akili yake imerudi kule, mwanangu. Bado anatafuta mke."

Kila siku bibi aliuliza, kila siku Irine alijibu ndiyo, na bibi akatulia akala. Pampu za Kewanja nazo zikawa zinapona haraka ajabu, kwa kuwa fundi alitaka kurudi mjini. Asiporudi, alipiga simu.

"Mchumba wa bibi, umekula?"

"Nimekula ugali wa mama mkwe."

"Umesema mama mkwe?"

"Usinishike maneno, mura!" alimwita kijana kwa Kikurya.

"Ukiniita mura kwa hiyo lafudhi yako ya Mugumu, nasahau spana nimeweka wapi."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mokami alishayaona zamani.

Siku moja, wakinywa uji uani, Werema alijikaza. "Irine, hiyo 'ndiyo' unayompa bibi kila siku. Kuna changu chochote ndani yake?"

Irine alitaka kusema chote ni chako. Lakini haya ilimshika, chuo nacho kilikuwa karibu kufunguliwa, na ulimi ukakimbilia mahali salama. "Ile ni kazi, Werema. Tumefundishwa hivyo."

"Ni kazi."

"Ni kazi."

Mjinga hapo ni nani? Wote wawili, mimi nasema. Werema aliweka kikombe chini, akaenda zake Kewanja, na simu yake ikawa haipatikani.

Hapo ndipo Irine alipojua kwamba anampenda, na kwamba kupenda kunaweza kuuma mwilini. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo nje ya uzio ilimwinua kwenye kiti. Chakula hakikupanda. Alikikuta kikombe kile cha uji, akakiosha mwenyewe, akakirudisha kabatini polepole. Bibi aliuliza, naye akajibu ndiyo, lakini sasa macho yake yalikuwa mlangoni.

Likizo ikaisha. Mokami alimpigia simu rafiki wa Werema wa machimboni. "Mwambie mwanangu mgeni wetu anaondoka leo. Kama ana adabu, aje amuage."

Mabegi yalikuwa mlangoni. Irine alivaa gauni lilelile la njano, akapiga goti kumuaga bibi. Bibi akamshika mkono.

"Binti, umekubali kuolewa nyumbani kwangu?"

Werema akaingia wakati huohuo, tope mpaka magotini. Irine alimwona. Yote aliyofundishwa yalimwambia aseme ndiyo.

"Bado, bibi."

Midomo ya bibi ikaanza kutetemeka. "Bado? Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea. Mjukuu wako hajaniuliza mwenyewe."

Mokami alijiziba mdomo kwa kanga. Werema akapangusa mikono kwenye ovaroli, ikazidi kuchafuka.

"Irine, umekubali kuolewa nyumbani kwetu?"

"Ndiyo."

"Hiyo ni ya kazi, au ya kweli?"

"Ya kazi huwa naisema bila kutetemeka. Shika mkono wangu."

Akaushika. Ulikuwa unatetemeka kuliko midomo ya bibi.

Lakini basi la Mwanza halisubiri wapendanao. Irine alipanda, mwaka mzima wa masomo ukiwa mbele yake, na Werema akabaki stendi mpaka vumbi likatulia.

Sasa kila jioni simu inalia Mwanza. "Umekula, mpenzi?" Werema anauliza, naye anasema amekula, hata kama hajala. Kila mmoja anasikiliza pumzi za mwenzake, maana kwa anayependa, Tarime ni mbali sana. Kisha simu inasogezwa kwenye sikio la bibi, ambaye hakumbuki soko wala gauni la njano.

"Binti, umekubali kuolewa nyumbani kwangu?"

Wanawake wengine huposwa mara moja tu. Irine anafuta machozi, anacheka.

"Ndiyo, bibi. Nakuja."