Sukari ya Pole

Ti, ti, ti. Kifuniko cha sufuria kiligongagonga. Nje kulikuwa bado giza, na jogoo wa mzee Nkuba alikuwa hajawika. Lakini Roza alikuwa ameshawasha moto, na uji ulikuwa unachemka.

Roza aliukoroga uji kwa mwiko, kisha akafungua kopo la sukari. Lilikuwa limejaa mpaka juu.

Miaka ile sukari ilikuwa shida. Ikifika duka la kijiji, watu walipanga foleni tangu alfajiri. Lakini nyumbani kwa Roza haikukauka. Mume wake, Shigela, alikuwa mgonjwa, na majirani walikuja kumpa pole. Hakuna aliyekuja mikono mitupu. Huyu alileta kikombe, yule alileta robo kilo iliyofungwa kwenye karatasi. Mama mmoja mjane alileta vijiko vichache kwenye pindo la khanga yake.

"Nisamehe, Mama Bujiku," alisema. "Ndiyo yote niliyokuwa nayo."

Siku ile Roza alilia. Mtu akikupa kidogo alichonacho, amekupa kikubwa.

Shigela alikuwa ameugua vidonda vya tumbo kwa miaka mingi. Mwisho alianza kutapika damu. Wakampeleka hospitali ya misheni, upande wa Iringa. Daktari alimpasua, akaondoa sehemu kubwa ya tumbo lake. Operesheni ile ilimwokoa.

Kabla hajatoka, muuguzi alimweleza vizuri jinsi ya kula. Akamwambia pia arudi kliniki mwezi unaofuata. Shigela aliitikia, "Ndiyo, ndiyo." Lakini mwili ulikuwa dhaifu, na mawazo yake yalikuwa yameshafika nyumbani, Rujewa. Alipofika nyumbani alikumbuka maneno mawili tu: kidogo kidogo.

Baba yake, mzee Nkuba, aliposikia alicheka.

"Kidogo kidogo! Wale hospitalini chakula chao ni kidogo, ndiyo maana. Hapa kwetu kuna mpunga, kuna maziwa. Mwanangu amerudi kama fito. Mpeni chakula!"

Mzee hakuwa na nia mbaya. Mwanawe alipokuwa hospitalini, aliuza fahali wake mzuri bila kusitasita. Alitaka tu kumwona amenenepa.

Basi asubuhi hiyo Roza alimpelekea mumewe bakuli kubwa la uji. Ulikuwa mtamu kama asali.

"Kunywa, Baba Bujiku. Upate nguvu."

Shigela alikunywa wote, maana hakutaka kumvunja moyo mkewe. Hazikupita dakika nyingi, jasho likaanza kumtoka. Moyo ulimwenda mbio. Tumbo lilinguruma na kumsokota. Alisimama ili aende chooni, macho yakaingia giza, akaanguka mlangoni.

"Roza! Nakufa!"

Roza alimshika, akamlaza. Baada ya muda mfupi hali ile ilipita, kama siku zote. Tangu Shigela atoke hospitali ilikuwa hivyo hivyo karibu kila siku.

Jioni Shigela alijikaza akaenda kula na wanaume. Kwa Wasukuma wanaume hula pamoja uani, kando ya moto. Mahali hapo huitwa shikome. Ugali mkubwa huwekwa katikati, na kila mmoja humega. Anayechelewa hukuta chombo kitupu.

"Shigela, unadonoa kama kifaranga!" binamu yake alimtania.

"Mwacheni," mwingine alidakia. "Hospitali wamemrudishia tumbo la kasuku!"

Watu walicheka. Shigela naye alicheka, lakini aliona haya. Akaanza kumega matonge makubwa, na kumeza bila kutafuna. Akashushia na maji kibuyu kizima. Kabla wenzake hawajanawa mikono, alikuwa amelala chini, analowa jasho.

Tangu jioni ile Shigela alikataa kula. Roza akileta wali, anageuza uso. Akileta maziwa, anasema, "Baadaye." Mbavu zake zikaanza kuhesabika.

"Unataka kuniacha?" Roza alimwuliza.

"Mke wangu, chakula kinaniua. Bora njaa. Njaa inaua polepole."

 Roza alitoka nje, akajifuta machozi kwa khanga. Alisema moyoni, "Mungu alinirudishia mume wangu kutoka kwenye kisu. Leo atanifia mbele ya sufuria yangu?"

Wakati ule Roza alikuwa akisoma darasa la kisomo cha watu wazima. Kila Jumatano muuguzi wa zahanati, Bibi Matilda Kalinga, alikuja darasani kufundisha mambo ya afya. Bibi Matilda alikuwa Mhehe wa Iringa, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa. Jumatano ile alimwona Roza ameshika kalamu bila kuandika.

"Mama Bujiku, leo umeiacha akili nyumbani?"

"Nimemwacha mgonjwa nyumbani, bibi."

Roza akamweleza yote. Bibi Matilda aliacha utani. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kesho nitakuja. Na wewe hukukosea kusema. Mwenye shida asemapo, ndipo husaidiwa."

Kesho yake alifika kwa baiskeli.

"Mwangaluka!" alisalimia kwa Kisukuma.

Mzee Nkuba alifurahi mpaka akasahau kuuliza habari. "Mhehe anajua Kisukuma! Karibu kiti, mama."

"Shikamoo, baba. Nimejua hilo moja tu, usiniulize la pili."

Walikaa barazani: Bibi Matilda, Shigela, Roza na mzee. Bibi Matilda alimwuliza Shigela anakula nini, kiasi gani, na anajisikiaje akimaliza. Shigela alimweleza.

"Pole sana," alisema Bibi Matilda. "Lakini hufi, na operesheni yako haijaharibika. Baba, nikuulize jambo. Wewe unalima mpunga. Maji yanafikaje shambani?"

"Kwa mfereji," alijibu mzee. "Kuna mlango wa ubao. Naufungua kidogo, maji yanaingia kwenye jaruba taratibu."

"Na mlango ukivunjika?"

"Eh! Maji yanaingia yote kwa mara moja. Kingo za jaruba zinabomoka."

"Tumbo la zamani la Shigela lilikuwa na mlango," alisema Bibi Matilda. "Chakula kilikaa, kikashuka kwenye utumbo kidogo kidogo. Sasa tumbo limebaki dogo, na ule mlango haupo. Akila kingi, au akinywa maji pamoja na chakula, vyote vinashuka kwa kishindo. Na sukari ndiyo mbaya zaidi. Ikishuka ghafla, inavuta maji ya mwili yaje kwenye utumbo. Ndiyo hilo jasho, ndiyo hicho kizunguzungu."

Mzee Nkuba alitazama mikono yake. 

"Kumbe tulikuwa tunambomolea kingo," alisema polepole.

Roza alifunika uso. "Ni mimi. Kila asubuhi nilimtilia sukari kwa mkono wangu."

"Ulimtilia upendo, mwanangu," alisema Bibi Matilda. "Upendo ulikuwepo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni maarifa. Haya, tushike kazi."

Akawaeleza, na kila jambo aliwataka walirudie. Shigela ale mara sita kwa siku, kila mara kiasi kidogo, kama kinachoenea kwenye viganja viwili. Akae chini, ale polepole, atafune mpaka chakula kilainike. Maji asinywe wakati wa kula. Angoje kama nusu saa au zaidi, ndipo anywe kwa funda ndogo ndogo. Ale samaki, mayai, maharage laini, na nyama iliyopikwa ikaiva sana. Mboga za majani zisikosekane. Maziwa ya mgando ajaribu kidogo, aone kama yanamkubali. Uji anywe kidogo, uwe mzito, usio na sukari, uliotiwa karanga za kusaga. Chai ya sukari, soda, pombe na sigara aviache. Akijisikia vibaya baada ya kula, ajilaze kidogo.

"Na kliniki lazima urudi," alimalizia. "Mtu aliyekatwa tumbo anaweza kuishiwa damu polepole bila kujua. Kule watakupima damu, na ikibidi watakupa vidonge au sindano. Hata ukijisikia mzima, nenda."

Shigela alikuwa ametazama chini muda wote. "Bibi, nimeelewa. Lakini mwanaume atakulaje mara sita kama mtoto mchanga? Na shikome nitakaaje? Nikila peke yangu, wataniita mchoyo. Nikila nao, naanguka."

Bibi Matilda alifikiri kidogo. "Hilo mimi siliwezi. Lakini namjua anayeliweza."

Juma lililofuata alikuja na mgeni. Jina lake Tadeo, mkulima wa vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni. Alikuwa na mabega mapana na sauti ya kuitia ng'ombe. Alipanda basi kutoka mbali kuja kumwona mtu asiyemjua. Alileta na shada la vitunguu, vimesukwa kama nywele.

Tadeo alipoona uso wa Shigela, hakusema pole. Alifungua shati, akaonyesha kovu refu kutoka kifuani mpaka kitovuni.

"Lako liko wapi?" aliuliza.

Shigela alimtazama kwa mshangao. Kisha naye alifungua shati lake.

"Aa, la kwako limeshonwa vizuri," alisema Tadeo. "Mimi nilishonwa kama gunia la vitunguu!"

Kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali, Shigela alicheka kwa moyo wote. Roza, aliyekuwa jikoni, alisimama na mwiko mkononi akisikiliza kile kicheko.

"Miezi ya kwanza nami niliogopa chakula kama nyoka," alisema Tadeo. "Nilidhani ni mimi peke yangu duniani. Si kweli. Tuko wengi. Na mwili unajifunza, ndugu yangu. Upe muda."

Jioni Tadeo alikwenda shikome pamoja na Shigela. Alikuwa na bakuli dogo. Kabla wengine hawajaanza, aliomba apakuliwe fungu lake. Akala polepole, tonge dogo baada ya tonge dogo. Na kati ya tonge na tonge alisimulia. Alisimulia jinsi lori la vitunguu lilivyokwama mtoni, na tumbili wakala mzigo wakilia machozi. Wanaume walicheka mpaka wakasahau ugali. Tadeo alipomaliza bakuli lake, wengine walikuwa bado wanakula.

"Mmeona?" alisema. "Leo ninyi ndio mmechelewa."

Yule binamu alianza, "Lakini kweli bakuli la kasuku..."

"Nyamaza!" alisema mzee Nkuba. Akainuka kwenye nafasi yake, akaja kukaa karibu na mwanawe. Akammegea kipande cha samaki, akakitoa miiba mmoja mmoja, akakiweka kwenye lile bakuli dogo. "Kuanzia leo fungu la Shigela linatolewa kwanza. Wala mtu asimharakishe. Na wewe, mwanangu, utatupa hadithi."

Ikawa hivyo. Siku nyingine tumbo lilimsumbua tena, hasa alipojisahau. Siku moja kwenye harusi alikunywa soda, akalala chini ya mti mpaka jioni. Lakini siku mbaya zilipungua, na nzuri zikaongezeka. Alirudi kliniki. Walimpima, wakaona damu imepungua, wakampa dawa. Msimu wa kupanda ulipofika alikuwa shambani, akipumzika na kula chakula chake kidogo kingoni mwa jaruba.

Na ile sukari? Roza hakuitupa. Aliwapikia chai majirani wote walioileta, akawaeleza alichojifunza. Hakuna aliyekasirika. Yule mama mjane alirudi kesho yake na yai moja, lina joto bado.

"Hili je, anaruhusiwa?"

"Hili ndilo hasa, mama," alisema Roza, akalipokea kwa mikono miwili.

Mwaka uliofuata Bibi Matilda alipita tena na baiskeli yake. Alisema kuna mtu anaitwa Gideoni, mfanyakazi wa mashine ya kukoboa mpunga mjini. Naye amepasuliwa tumbo, na sasa hataki kula.

Shigela hakungoja kuombwa mara mbili. Asubuhi yake yeye na Roza walishika njia. Roza alibeba mayai na samaki wakavu.

Walimkuta Gideoni amelala kwenye mkeka, uso ukutani. Kando yake palikuwa na bakuli la uji uliopoa na kopo la sukari lililojaa. Mkewe, Paskalina, alikuwa na macho mekundu. Roza alimshika mkono, akakaa naye jikoni. Hakuhitaji kuambiwa mengi.

Ndani, Shigela alimkaribia mgonjwa, akafungua shati.

"Ndugu yangu," alisema, "lako liko wapi?"

 Baadaye kidogo wanawake walisikia kicheko. Kilikuwa dhaifu, lakini kilikuwa kicheko. Paskalina aliweka mwiko chini, akasikiliza kama Roza alivyosikiliza siku ile.

Jua lilipoanza kushuka, wageni waliaga. Gideoni alikuwa amekula yai moja, taratibu, na hakuanguka. Aliinuka, akashika nguzo ya mlango ili awasindikize kwa macho. Paskalina ndiye aliyewafuata mpaka njiani. Aliushika mkono wa Roza, asiuachie.

"Dada," alisema, "mtakuja tena lini?"