Zamu ya Kumi na Moja

Jumamosi ile ukumbi wa chini wa jengo la simu ulikuwa umefurika. Watu walisukumana mbele ya vibanda vya vioo, kila mmoja ameibeba simu yake kwa mikono miwili kama anayempeleka mtoto kliniki. Dada mmoja alipenya katikati yao, amevaa blauzi ya zambarau iliyonyooka kwa pasi, koti jeupe la kazini limekunjwa mkononi, uso ameukunja pia. Alifika kibanda cha mwisho, akaiweka simu yake juu ya kaunta. Kioo kilikuwa kimepasuka kutoka kona hadi kona.

"Imeanguka?" aliuliza fundi bila kuinua kichwa.

"Hapana. Imejipasua yenyewe kwa mawazo."

Fundi aliinua kichwa. Alikuwa kijana mwembamba mwenye aproni ya mifuko mingi na miwani ya kukuzia aliyoipandisha kwenye paji la uso. Alimtazama dada yule, akamtazama tena, kisha akaivuta simu.

Kubadilisha kioo kulichukua nusu saa. Alipomaliza akagusa hapa na pale kuona kama kinaitikia vidole, na mchezo ukafunguka: mazimwi sita wamejipanga mstari, mmoja anatema moto, mwingine radi, mwingine barafu, wote wamekodoa macho. Ni ule mchezo wa mtandaoni ambao mtu anamkuta mpinzani asiyemjua, wanapambanisha mazimwi wao mpaka upande mmoja uishe. Fundi akacheka.

"Kinachokuchekesha ni nini?"

"Dada yangu, hawa wote sita ni wapigaji. Hakuna hata mmoja wa kupokea kipigo. Ukikutana na mtu mwenye subira, huna lako."

"Nimekuletea kioo, sikukuletea timu."

"Kioo kimeshapona. Mgonjwa ni timu."

Dada alitaka kukasirika, akashindwa. Akaiweka simu kwenye mkoba na kuondoka bila kuaga. Jumatatu saa saba mchana alikuwa tena mbele ya kaunta ile, na simu yake ilikuwa nzima kabisa.

"Haya," alisema. "Nionyeshe huyo wa kupokea kipigo."

Basi mambo yakaanzia hapo. Yeye aliuza dawa katika duka la mjomba wake, mtaa wa pili tu. Kila mapumziko ya mchana alikuja kukaa kwenye kigoda nyuma ya kaunta, wakala chakula cha kopo moja kwa vijiko viwili, huku wakijenga timu. Fundi alikuwa mwalimu mkali. Alimweleza kwamba kila zamu mnachagua kwa siri, kupiga au kumtoa aliye uwanjani umwingize mwingine, kisha yote yanatokea kwa pamoja. Kwa hiyo kazi yako si kuangalia zimwi wa mwenzako, ni kumsoma mwenzako mwenyewe.

"Timu haijengwi kwa unaowapenda," alimwambia. "Inajengwa kwa kujua nani atakufa ili nani aingie."

"Maneno hayo unawaambia wasichana wote?"

"Wote. Ndiyo maana nilikuwa peke yangu."

Walimlea zimwi mzito, mbaya wa sura, wakamwita Gogo. Kazi yake ni kusimama tu apigwe. Walimpata na wa sumu, dada yule akampa jina la Mama Mkwe. "Hapigi, hagombi," alieleza, "lakini kila zamu unakonda." Fundi alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka.

Wa mwisho ndiye aliyembadilisha fundi. Kilikuwa kizimwi kidogo cha radi, Kiroboto, ambacho wachezaji wote wakubwa walikidharau kwa sababu pigo moja linakimaliza. Dada alikificha nyuma mpaka mpinzani achoke na sumu, ndipo akakiingiza kimalizie.

"Hili nani kakufundisha?" fundi aliuliza, na safari hii hakuwa anatania.

"Hakuna. Nilikaa dukani nikafikiria."

Fundi alikuwa miongoni mwa wachezaji kumi bora kwa miaka mitatu, na hilo halikuwahi kumjia akilini. Alimpenda siku ile. Kabla ya hapo alikuwa anavutiwa tu.

Jioni simu zikawa haziishi.

"Umefika, Daktari?"

"Nimefika. Na mimi si daktari, nauza dawa za kikohozi."

"Basi nina kikohozi."

"Kunywa maji ulale, mpenzi."

Lile neno lilimtoka dada bila kupanga. Fundi akasema, "Rudia." Hakurudia. Alikata simu akaificha chini ya mto, akicheka peke yake.

Kisha ikatangazwa michuano. Mshindi mmoja tu angeuwakilisha mji katika fainali kubwa nje ya nchi. Wote wawili walijiandikisha, na wiki moja kabla ya siku yenyewe dada alifika kibandani macho yamemvimba.

"Mjomba kanisema mbele ya wateja. Nimechelewa dakika tano. Eti kazi kanipa yeye, chumba kanipa yeye, hata shule alinisomesha yeye, kwa hiyo nisijione." Alifuta pua. "Na si mwongo, Fundi. Hilo ndilo linaloniuma. Sina kitu hata kimoja ambacho sikupewa. Nataka hiki kimoja. Kimoja tu kiwe changu."

Fundi alimshika mkono. Alisikia kila neno. Tatizo ni kwamba aliyaelewa kama anavyoelewa mwanamume anayependa, yaani vibaya.

Ukumbi wa michuano ulikuwa wa chuo, viti vya plastiki, feni nne, watu mia mbili na zaidi. Dada alivaa gauni la kijani na viatu vya chini, nywele amezibana nyuma. Aliwatoa watano mmoja baada ya mwingine. Fundi naye aliwatoa watano wa upande wake. Fainali ikawakutanisha wao wenyewe, migongo imeelekeana, kila mmoja na kioo chake.

Walifika zamu ya kumi na moja wakiwa sawa. Fundi naye alikuwa na Gogo wake, wa aina ileile, uwanjani, na alijua, kama alivyojua jina lake, kwamba Kiroboto, aliyekwisha kuingizwa, sasa atapiga. Alichotakiwa ni kumwacha Gogo palepale apokee. Sekunde zikapungua. Akamtoa Gogo, akaingiza zimwi wa mabawa ambaye radi moja inamteketeza. Ikamteketeza, na Gogo aliyebaki peke yake hakudumu. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

"Umenishinda," alimwambia akimkumbatia. "Kihalali kabisa."

Dada alilia mbele za watu. Mjomba alipompigia kumpongeza, alimjibu kwa sauti ambayo mjomba hakuwahi kuisikia kutoka kwake. Kwa siku mbili alitembea kama mtu mwenye nyumba yake.

Siku ya tatu aliketi dukani kuitazama rekodi ya pambano ajiandae na fainali kubwa. Alipofika zamu ya kumi na moja akasimamisha, akairudisha nyuma. Akairudisha tena. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kile miezi mitano akimtazama mtu huyu akicheza, na hajawahi kumwona akimtoa Gogo mbele ya radi. Hata kwa utani. Alihesabu: fundi alikuwa amesubiri hadi ikabaki sekunde moja.

Alimpigia palepale.

"Zamu ya kumi na moja," alisema.

"Umeiona," alijibu fundi.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nakupenda. Uliniambia unakitaka hiki."

"Nilikwambia nataka kitu ambacho sikupewa. Ukanipa!"

"Mpenzi, nisikilize..."

"Usiniite hivyo. Mjomba angalau alinipa huku akinitazama usoni."

Kwa wiki mbili hakupokea simu zake. Fundi alituma ujumbe, akatuma mwingine, akaenda dukani akaambiwa na mjomba kwamba dada yuko stoo. Kazini aliunguza ubao wa saketi wa simu ya mteja, jambo ambalo halijamtokea tangu akiwa mwanafunzi. Dada naye hakuwa na raha. Alimkumbuka kiasi cha kujichukia.

Siku ya kumi na tano, saa saba mchana, alisimama mbele ya kaunta. Blauzi ni ileile ya zambarau, ila uso ulikuwa umepungua.

"Kamati imenipa mpaka leo saa kumi na mbili jioni nithibitishe nafasi," alisema. "Tucheze tena, hapa, timu zilezile. Ukinishinda, nafasi ni yako. Nikikushinda, nitakwenda nikijua ni yangu, na sisi tutarudi kama zamani. Lakini ucheze kweli. Ukiniachia hata zamu moja, hutaniona tena."

"Nitacheza kweli."

"Apa."

"Naapa kwa mama yangu."

Na alicheza kweli. Mimi ninayewasimulia najua, kwa sababu nilikuwa ndani ya kichwa chake. Alitaka kumshinda, amwachie yeye heshima ya kushindwa kihalali, kisha amwombe msamaha maisha yake yote. Alicheza kama ambavyo hajawahi kucheza na mtu yeyote. Alimuua Mama Mkwe mapema, akamzibia Kiroboto njia, akamngoja. Zamu ya tisa aliona mlango wazi, akapiga kwa nguvu zote, na dada alikuwa amekwisha kumsoma. Kiroboto hakuja kabisa. Alikuja Gogo, akasimama, akapokea pigo zima bila kuanguka, na fundi akabaki hana cha kuzuia. Zamu mbili zaidi ikawa imekwisha.

Fundi aliitazama simu yake kwa mshangao mtupu. Kisha akacheka kwa furaha.

"Umenishinda! Umenizidi, mpenzi. Sikuona kabisa."

Dada hakucheka. Alikuwa akimkagua uso, macho, mdomo, akitafuta mahali pa kumwamini.

"Ndivyo ulivyosema hata ile siku," alisema taratibu.

"Safari hii ni kweli. Nimekuapia."

"Ungeapa vilevile kama si kweli. Ungeapa kwa sababu unanipenda."

Fundi aliizunguka kaunta, akapiga goti palepale kwenye vumbi la risasi ya kulehemu na vipande vya vioo, wateja wakitazama. "Nataka nikuoe," alisema. "Nilipanga kukwambia siku ya michuano. Niambie nifanye nini uniamini, nitafanya."

Dada alimshika shavu.

"Hakuna cha kufanya, Fundi. Siku tukigombana ukaniambia nina haki, nitajuaje? Siku ukiniambia nimepika vizuri, nimelea vizuri, nimezeeka vizuri? Ninakupenda, na sitajua kamwe."

Aliondoka akipita katikati ya watu. Saa kumi na mbili ikafika hajathibitisha, fundi aliyekuwa wa pili naye akaikataa, na nafasi ikaenda kwa mwanafunzi aliyeshika nafasi ya tatu, ambaye dada alikuwa amemtoa asubuhi ya michuano bila jasho.

Fundi ameitazama rekodi ya pambano lile la pili mara nyingi, akitafuta zamu moja ambayo angeweza kucheza tofauti akashinda. Hakuna. Aliwaonyesha wachezaji wengine, nao hawakuiona. Alimtumia dada, na dada akaifuta bila kuifungua. Sasa kila anayeujua mchezo mjini hapa anakubali kwamba muuza dawa yule ndiye mchezaji bora waliyewahi kumwona, isipokuwa yeye mwenyewe.