Mawe Yangu ya Ukingo Yalivyopakiwa Kwenye Lori Nikiyaona

"Shusha hayo mawe!"

Nilipiga kelele mpaka mtandio ukanidondoka.

Nilikuwa nimesimama katikati ya geti, mikono nimeitanua kama kipa. Mbele yangu lori linanguruma, na juu ya lori kuna mawe YANGU! Mawe niliyoyachagua mwenyewe, moja moja, kwa mikono hii!

"Bibi, naomba unipishe," dereva akasema.

"Sipishi! Ukitaka kutoka, pita juu yangu!"

Dereva akazima injini. Akashuka, akachukua kiti cha plastiki cha mlinzi, akakiweka hapohapo getini, upande wenye kivuli.

"Basi nizuie ukiwa umekaa, Bibi. Jua kali hili."

Mtoto wa watu, Mungu ambariki. Nikakaa. Lakini sikumpisha!

"Nani kakutuma?"

Akajikuna kichwa. "Yule mama wa hapa ndani."

Yule mama...

Mkwe wangu!

Wajukuu zangu wa humu mtandaoni, ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, maana mtasema bibi kachanganyikiwa.

Mume wangu alikuwa mwamuzi wa mpira. Watu wanamwita Refa mpaka leo. Mtu wa kukimbia uwanja mzima na filimbi mdomoni, hachoki. Halafu kiharusi kikampata. Mungu akatuachia, ila mguu wa kushoto ukabaki mzito. Hauinui. Anauburuta.

Mtaalamu wa mazoezi hospitalini akatuambia, "Mzee huyu atembee ndani ya maji. Na aanze mapema. Mguu ukizoea kulala, kuuamsha ni shughuli."

Mwanangu, ambaye ndiye tunayeishi kwake, akachimba bwawa nyuma ya nyumba. Si la kifahari. Maji ya kifuani, ngazi pana, na bomba la kushikilia.

Kila kitu kikaisha. Ukabaki ukingo tu, yale mawe yanayozunguka bwawa, unayoyakanyaga kabla ya kuingia majini.

"Mama, mawe ya ukingo chagua wewe," mwanangu akasema.

Jamani, nilifurahi! Tangu tuhamie kwao sijachagua hata pazia.

Nikaenda dukani na mkwe wangu. Muuzaji akatuonyesha mawe yamesimamishwa ukutani kama picha za harusi. Meusi, yanang'aa mpaka unaona meno yako.

"Haya ndiyo yanakwenda sasa hivi, Bibi."

"Yanakwenda wapi?"

"Namaanisha ndiyo wateja wanayataka."

"Wateja wanatembea ukutani? Yalaze chini. Lete maji."

Akaleta. Nikavua viatu, nikakanyaga... shwaaa! Kama si mkwe wangu kunidaka kiuno, leo msingesoma hapa.

"Umeona?" nikamwambia.

"Nimeona, Mama."

Kuanzia hapo sikutaka kusikia habari ya jiwe laini. Nikachagua lililochongwa kwa patasi, lina makovu juu, limekauka kama kisigino changu. Tena pembeni lina mdomo ulioinuka kidogo, ili Refa akiwa majini apate pa kushika.

Mkwe alinibebea viatu muda wote. Akaniuliza tu, kwa upole, "Mama, hayatamkwaruza Baba?"

"Afadhali akwaruzwe kuliko ateleze!"

Akainama, akanivalisha viatu.

Mawe yakaja. Fundi akayapanga kuzunguka bwawa bila saruji kwanza, ili tuone yanavyokaa. Mimi kila asubuhi nakwenda kuyatazama, utadhani nimefuga kuku.

Halafu ghafla... kimya!

Fundi haonekani. Nikampigia.

"Fundi, mbona huji kujenga?"

"Nasubiri maelekezo, Bibi."

"Si nimeshakupa?"

"Maelekezo ya nyumbani, Bibi."

"Kwani mimi nakaa wapi, porini?"

Akacheka, akakata simu!

Nikamfuata mwanangu. "Mama, muulize mwenzangu."

Nikamfuata mkwe. "Mama, tuvute subira kidogo."

Nikamfuata Refa mwenyewe, mwenye mguu! Anasikiliza redio.

"Mama watoto," akasema bila kunitazama, "mawe ni mawe tu."

"Mawe ni mawe? Huo ni mguu wako!"

Akaongeza sauti ya redio.

Hebu niambieni, mngekuwa ninyi mngefanyaje? Bwawa bado tupu. Fundi yuko kimya. Kila mtu ndani ya nyumba ananizungusha kama mtoto anayedai pipi. Na mimi namwona mume wangu akifika kwenye kizingiti cha mlango, anashika fremu kwa mikono miwili ndipo avuke. Jana yake alikuwa anashika kwa mmoja!

Nikamnunia mkwe. Sikatai. Akinisalimia naitikia nusu. Akiniletea chai naimwaga kwenye maua. Na bado kesho yake analeta tena, na sukari kaipunguza kama daktari alivyosema.

Kilichoniuma zaidi, akaanza kumpeleka Refa hospitali peke yake.

"Pumzika, Mama. Leo nitampeleka mimi."

Hata hospitali sitakiwi!

Ndipo siku hiyo nikasikia lori nyuma ya nyumba, nikatoka mbio, nikakuta mawe yangu yameshapakiwa. Ndiyo hiyo siku ya geti.

Mkwe akatoka, mikono ina povu la kufulia.

"Mama, njoo ndani tuzungumze."

"Tuzungumzie hapa! Dereva naye asikie!"

Dereva akajifanya anakagua tairi.

"Ni wewe unayerudisha mawe yangu dukani?"

"Ni mimi, Mama."

"Kwa nini?"

Akaangalia chini.

"Sikuyapenda. Yalikuwa mabaya."

Mabaya!

Wajukuu zangu, neno lile liliniingia kama mwiba. Ninachaguliwa chakula, ninachaguliwa kitanda, ninachaguliwa saa ya kulala. Kitu kimoja tu nimechagua kwenye nyumba hii, nacho ni kibaya!

"Sawa," nikamwambia. "Nyumba yako. Bwawa lako. Lakini mguu ni wa mume wangu! Akivunjika, utajibu wewe."

Machozi yakamjaa. Akayafuta kwa mkono wenye povu.

Nikainuka, nikampisha yule kijana wa lori, kwa sababu ya kile kiti chake tu. Si kwa sababu ya mwingine!

Mchana mawe mengine yakashushwa. Rangi ya mchanga, bapa, hayana mdomo. Na ukiyatazama... laini!

Fundi naye, aliyekuwa hapatikani, huyo kafika na mwiko wake.

Nikasema leo ndiyo leo.

"Njooni wote! Mwanangu, njoo! Mkwe, njoo! Fundi, weka mwiko chini!"

Nikavua viatu. Nikamwaga ndoo nzima ya maji juu ya yale mawe mapya.

"Mama, utaanguka!" mwanangu akapiga kelele.

"Ndicho ninachotaka mkione!"

Nikakanyaga.

Sikuteleza.

Nikasogea mbele, nikaburuta kisigino. Sikuteleza. Nikajisukuma kwa makusudi kama mtoto kwenye tope... Nimegoma palepale, jiwe limenishika unyayo kama karatasi ya msasa iliyochakaa! Machoni ni laini, lakini mguuni lina mchanga mchanga wa kukushikilia.

Mmewahi kuona mtu mzima anavyohangaika kuteleza na anashindwa? Fundi akageukia ukuta, mabega yanamtikisika.

"Nani kachagua haya?" nikauliza.

Mwanangu akamtazama mkewe.

"Mkwe, nakuuliza wewe!"

"Mimi, Mama..."

"Na kwa nini hayana mdomo? Baba yako atashika wapi?"

Mkwe akaangalia mlango wa jikoni. Wote wakaangalia mlango wa jikoni.

Refa alikuwa amesimama pale, kashika fremu kwa mikono miwili.

"Mwache binti wa watu," akasema. "Mawe hayo nimechagua mimi."

Nikahisi ndoo inanitoka mkononi.

"Wewe?"

"Mimi. Yako yaliniangusha."

Akavuta suruali juu. Magoti yote mawili yalikuwa na makovu mapya, bado mekundu. Na mimi nalala naye chumba kimoja! Kumbe ndiyo maana alikuwa anavaa suruali hata kulala, anasema ana baridi!

"Nilitoka asubuhi wewe umelala," akasema. "Nikataka nijaribu kidogo, nikushangaze. Huu mguu sijui kuuinua, nauburuta. Ukanasa kwenye ule mdomo. Nikaenda chini, kichwa kinaelekea kwenye bwawa tupu. Huyu binti alikuwa anaanika nguo. Akanidaka shati."

"Shati likachanika, Mama," mkwe akasema kwa sauti ndogo. "Lakini halikuachia."

Nikakaa chini palepale kwenye maji.

"Kwa nini hukuniambia?"

Refa akakohoa. Mzee wa watu, maisha yake yote anapuliza filimbi mbele ya maelfu, haogopi mtu. Hapo akashindwa kunitazama.

"Ulirudi kutoka dukani unacheka. Tangu tuhame kwetu sijakuona ukicheka hivyo. Nikamwapisha yeye na mumewe wasikwambie. Nikasema nitatafuta jiwe jingine mwenyewe."

"Umetafuta lini, na hutoki nje?"

"Zile siku za hospitali... nyingine hazikuwa za hospitali."

Kumbe! Alikuwa anakwenda dukani na mkwe, anavua kiatu mbele ya wateja, anaburuta ule mguu juu ya jiwe moja baada ya jingine, kwenye maji, mpaka akapata lisilomnasa na lisilomwachia. Na la kushika analo, bomba liko pale pale kwenye ngazi, mimi tu niliamua halitoshi!

Nikamgeukia mkwe. Hasira bado ninazo, nisiwadanganye!

"Na wewe ukaniambia ni mabaya!"

"Ningesema nini, Mama? Nimeapa. Nikaona bora unichukie mimi kuliko umwone Baba ameanguka."

"Na chai zangu nilizokuwa namwaga?"

"Nilikuwa nakuona, Mama. Maua yangu yote yamekufa."

Mwanangu akaangua kicheko. Fundi naye akashindwa kujizuia. Mimi nikamvuta yule binti, na povu lake la sabuni, nikamkumbatia mpaka nguo zikalowa wote wawili. Alibeba kununa kwangu siku zote zile, na hakuwahi kunipunguzia hata kijiko cha upendo.

Wajukuu zangu, hiki ndicho ninachotaka mkibebe.

Nilipima yale mawe kwa mguu wangu, mguu mzima, unaoinuka. Nikaona nimempenda mume wangu kuliko wote. Ila aliyekuwa akanyage hapo ni yeye, na nilimwacha nyumbani na redio! Ukimchagulia unayempenda, mwite. Avue kiatu. Akanyage mwenyewe. Na ukiona mtu wa nyumbani anakutendea jambo usilolielewa, huku bado anakupunguzia sukari kwenye chai... uliza mara mbili kabla hujanuna.

Ukingo umekwisha. Maji yamejaa. Jana Refa aliingia kwa mara ya kwanza. Nilisimama nyuma yake, pumzi nimeibana. Mguu ukapita juu ya jiwe, kshhh... haukunasa, haukuteleza. Akashika bomba, akashuka ngazi, maji yakamfika kifuani, akatembea!

Akageuka kunitazama, anacheka kama kijana.

"Mbona bado umenuna, mama watoto?"

"Nimenuna ndiyo!" nikamjibu, machozi yananitoka. "Siku nyingine ukianguka, anguka kwa sauti!"