Mkono Wenye Hina

Mkono ulikuwa umehama. Notburga aliuweka pembeni, chini kabisa, na sasa kwenye picha ya kipaimara ya mtoto wa jirani ulikuwa begani kwa yule mtoto.

Hakushtuka. Alikuwa na maharage jikoni nyuma ya studio, umeme wa Songea siku hiyo ulikuwa wa kuja na kuondoka, na binti yake Leticia alishashinda na njaa. Akadhani amekosea kupanga.

Mkono huo ndio ulikuwa alama ya studio yake. Watu walikuwa wanachukua picha zake na kuzirusha mtandaoni kama zao, mpaka Sixbert, mpiga picha mwenzake wa Peramiho, akaja kumfundisha kutumia programu ya kuhariri: unaweka alama kwenye picha moja, programu inarekodi hatua zako, halafu unaielekeza kwenye folda nzima, inazigonga zote alama hiyo yenyewe.

"Wewe songa ugali, Mama Leti, mashine ifanye kazi," alisema Sixbert. "Ila tafuta alama ya maana. Jina tupu wanalikata."

Notburga alikuwa ametoka kupiga picha za harusi Tunduru. Kwenye picha moja, kando ya bibi harusi, palikuwa na kiti kitupu, na juu ya mgongo wa kiti mkono wa kike uliochorwa hina ya maua. Mwenyewe hakuonekana, Notburga akadhani amesimama nyuma ya pazia. Akaukata ule mkono, akaufifisha, akaandika jina la studio chini yake. Ulipendeza. Sixbert naye akanakili alama hiyo na hatua zilizorekodiwa kwenye flashi yake.

Wiki hiyo studio ikaanza kunuka marashi ya waridi, hata milango ikiwa wazi. Mama mmoja wa kwaya akarudi akijikanda.

"Dada, tangu unipige picha, bega hili kama kuna mtu kaniwekea mkono."

"Baridi ya Juni hiyo. Vaa sweta."

"Nimevaa mawili."

Alipoondoka, Notburga akafungua picha zote. Kila mahali mkono ulikuwa umepanda. Akakumbuka kwamba siku ile ya kugonga alama, kwa haraka ya kuwahi umeme, aliielekeza programu kwenye folda kuu, yenye picha za nyumbani pia, na ikahifadhi juu ya zile za mwanzo bila kubakiza nakala. Akaitafuta picha ya Leticia ya komunio ya kwanza, akaikuta, na akaona vidole vya hina havikuwa begani tena bali vimezunguka shingo ya mtoto na kukunjika, na wakati bado anaangalia, harufu ya waridi ikazidi mpaka ikamkaba yeye mwenyewe, na mlangoni akasikia pumzi nyembamba ya mtu anayevuta hewa kwa shida, akageuka, akamwona Leticia ameshika ukuta, midomo imebadilika rangi.

"Mama," alinong'ona mtoto. "Mwambie aniachie."

"Nani?"

"Huyu anayenukia."

Notburga akampakata, akampigia simu Bi Mwanaisha, bibi yake yule bibi harusi wa Tunduru.

"Shikamoo bibi. Kile kiti kitupu harusini kilikuwa cha nani?"

Bi Mwanaisha akashusha sauti: "Cha jini wetu. Kila harusi tunamwekea kiti. Akikaa, hagusi mtu. Umefanya nini, mwanangu?"

"Nimekata mkono wake kwenye picha. Nimeufanya alama."

"Kwenye picha ngapi?"

"Zote. Na mtoto wangu hapumui vizuri."

"Audhubillahi! Umemnyima kiti, umemgawa kwa watu asiowajua. Futa zote, halafu urudishe mkono kitini. Mimi nasoma huku. Usikate simu."

Notburga akafuta. Akafuta hatua zilizorekodiwa, picha za wateja, na picha za marehemu baba yake Leti, ambazo hakuwa nazo pengine popote. Akabakiza ile moja ya harusi tu, akaurudisha mkono juu ya kiti, mahali pake hasa, huku aya zikisomwa simuni. Harufu ikakatika kama mtu katoka na kufunga mlango.

Leticia akakohoa, akavuta pumzi ndefu.

"Mama, maharage yanaungua."

Jioni, baada ya kuwaomba wateja wote wafute, akakumbuka flashi. Akapiga.

"Sixbert, ile alama ya mkono, ifute sasa hivi!"

Sixbert akacheka. "Niifute? Nimeondoa jina lako nikaweka langu. Picha za mahafali ya shule nzima zimeshagongwa, na grupu letu la wapiga picha wa mkoa limeshaipokea alama. Usininunie, bwana."

"Sikiliza! Hapo ofisini una kiti kitupu?"

"Viti vyote nimevijaza vifaa. Kwani vipi? Ngoja, kuna mteja kaingia." Sauti yake ikasogea mbali na simu. "Karibu, dada. Loo, umenukia! Samahani, sina kiti. Simama tu hapo nyuma yangu."