Viatu vya Darasa la Tatu

Mzee Avdo alikuwa mwongo, lakini mwongo wa heshima. Hakumdanganya mtu ili apate kitu. Alidanganya kama watu wengine wanavyopiga mluzi. Alifanya kazi kwenye reli mpaka akastaafu, na mji mzima kando ya mto Bosna ulikijua kisa cha samaki wake. Alimfunga samaki huyo kwenye treni ya mizigo ili imvute kutoka majini. Treni ndiyo iliyorudi nyuma.

Asubuhi moja ya Machi alikuwa jikoni anakunywa kahawa. Mkewe, Bibi Hasnija, alikuwa anauvuta unga uliokandwa wa pita, mkate wa matabaka wa kwao, juu ya meza. Aliuvuta ukawa mwembamba hata ungeweza kusoma gazeti kupitia humo. Nje mvua ilikuwa imeshika. Simu ikalia.

"Mzee Avdo? Ni Mladen hapa, mwalimu wa Merima. Njoo shuleni, tafadhali. Viatu vya darasa zima vimepotea."

"Vya darasa zima? Huyo mwizi ana miguu mingapi?"

"Mzee, sitanii. Na Merima naye hayumo darasani."

Avdo akaweka kikombe chini. Bibi Hasnija alikuwa ameyasikia yote simuni. Alitazama dirishani, akaona mvua, akajua.

"Yuko darini huko shuleni," akasema. "Nenda. Na safari hii, baba, usianze hadithi zako."

Merima alikuwa mjukuu wao, mtoto wa binti yao Almina. Alikuwa na miaka minane. Mwaka uliopita mafuriko yaliichukua nyumba yao kijijini. Almina na mumewe walikwenda Slovenia kufanya kazi, wapate kujenga nyingine. Merima akaja kwa babu na bibi, akaanza shule mpya.

Mchana alikuwa mtoto kama watoto wengine. Alicheka, aliruka kamba, aliiba jibini jikoni. Lakini alilala na viatu vyake kitandani. Na mvua ikianza tu, alipanda darini, akakaa huko kimya mpaka ikatike.

Bibi Hasnija alifanya alichofanyiwa yeye utotoni. Alimwita jirani yao, Mama Hanka, amyeyushie mtoto risasi. Si risasi ya bunduki. Ni lile donge zito la madini ya kijivu ambalo wavuvi hutundika kwenye nyavu. Mama Hanka alimfunika Merima kitambaa chekundu. Akaimwaga ile risasi ya moto ndani ya bakuli la maji juu ya kichwa cha mtoto, ili hofu imtoke. Maji yakalia *chwaaa!* Hofu haikutoka. Aliyetoka ni Merima. Alipaa hadi darini na kitambaa chake, na hakushuka mpaka aliposikia harufu ya pita.

Naye Mzee Avdo alipiga marufuku. "Shuleni msiseme neno. Mkisema, wataandika. Wakiandika, litamfuata mtoto mpaka siku ya harusi yake. Mchumba ataambiwa, usimwoe huyo, ameandikwa kichwa kibovu."

Basi walimu walipouliza, aliwapa hadithi.

Alipofika shuleni siku hiyo, viatu vilikuwa vimepatikana. Merima alikuwa amevikusanya vyote kutoka kwenye rafu ya mlangoni, ambako watoto huvivua na kuvaa ndara za kitambaa. Alivipandisha hadi darini. Sasa vilikuwa vimeshushwa, vimepangwa ukutani nje ya chumba cha mshauri wa wanafunzi, Bi Vedrana.

Bi Vedrana alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye miwani iliyokuwa ikimteleza puani kila akicheka.

"Karibu, Mzee. Merima yuko salama, yuko jikoni na mpishi, anakunywa chai. Keti. Leo mchana walimu tunakutana. Wazazi wengine wameshapiga simu, wamekasirika. Wanataka mtoto ashushiwe alama ya mwenendo, kwa wizi na kwa kutoroka darasani. Mimi sitaki. Lakini sina la kuwaambia. Nisaidie."

Mzee Avdo akakohoa. Akajiweka sawa kwenye kiti. Mkewe angekuwapo angekitambua kikohozi kile.

"Bi Vedrana, babu wa babu yangu alikuwa fundi viatu wa..."

"Wa sultani," Bi Vedrana akamalizia. Akafungua jalada. "Hiyo ulitupatia msimu wa vuli. Nikusomee? 'Babu anasema mtoto hatengani na viatu kwa kuwa ukoo wao ni wa mafundi viatu wa sultani.' Na hii hapa. 'Babu anasema mtoto hupanda darini kwa sababu alinyweshwa maziwa ya mbuzi wa mlimani.'"

"Hiyo ya mbuzi nilikuwa nimeisahau," alisema Avdo, na uso ukamng'aa kidogo.

Miwani ya Bi Vedrana ikateleza. "Mzee, mimi huzisoma hizi nikicheka peke yangu humu, mpaka wenzangu wanauliza kama mimi ni mzima. Lakini siwezi kumsaidia mzao wa fundi wa sultani. Nipe Merima."

"Nikikwambia, utaandika."

"Nitaandika."

"Basi! Kwaheri!" Mzee akanyanyuka.

"Keti, Mzee! Ona kwanza ninavyoandika, halafu ndipo unune."

Akaweka karatasi mbili mezani. Ya kwanza iliandikwa na mwalimu wa zamu asubuhi ile. Ilikuwa na maneno matatu: *Mwizi. Mtoro. Mkaidi.*

"Hii siiweki jaladani," alisema Bi Vedrana. "Hii si kumbukumbu. Haya ni matusi yenye tarehe. Sasa soma yangu."

Avdo akaisogeza karibu na macho. *Mvua ilianza wakati wa hesabu. Merima aliinuka bila kuomba ruhusa. Alichukua viatu vya wenzake wote akavipandisha darini. Alivifunga kamba, kila kiatu na mwenzake. Alipoulizwa, hakujibu. Mikono ilikuwa inatetemeka. Alitulia mpishi alipomshika mkono.*

Mzee akasoma tena. Hakukuwa na neno kichaa. Hakukuwa na neno baya hata moja.

"Tunaandika tulichokiona na kusikia," alisema Bi Vedrana. "Nini kilitokea, kabla yake kulikuwa na nini, na nini kilimtuliza. Hatuandiki tunavyomdhania. Mimi si daktari, sina ruhusa ya kumpa mtoto jina la ugonjwa."

"Na nani anasoma?"

"Kabati lile lina kufuli, ufunguo ninao mimi. Ninyi walezi mna haki ya kusoma wakati wowote. Nikikosea, mnaniambia narekebisha. Mwalimu Mladen anapewa tu kile anachohitaji ili amsaidie mtoto darasani. Kwenye cheti chake haliingii neno. Mchumba wake akija hapa kuuliza, nitamtimua kwa fagio."

Mzee Avdo akacheka, japo hakutaka. Bi Vedrana akainuka, akafungua mlango.

"Njoo uone kitu. Mwizi angechukua vizuri, si ndiyo? Tazama. Kachukua vyote. Hata hivi vya Goran, vilivyotoboka kidole. Hakuna mtu anayeiba kitu kama hiki, Mzee. Hiki mtu anakikimbia."

Avdo akavitazama. Viatu vya buti, viatu vya raba, jozi baada ya jozi. Kila jozi imefungwa mafundo mawili. Ni yeye aliyemfundisha Merima fundo lile. Akajaribu kutafuta hadithi. Mtu aliyeirudisha nyuma treni akatafuta hadithi, akakosa.

"Siku ile ya mafuriko walivua viatu mlangoni," alisema polepole. "Kama kawaida. Maji yaliingia watu wakiwa mezani. Walipanda juu, darini. Wakakaa huko mpaka mashua ikaja. Mtoto alikuwa kwenye kidirisha. Aliviona viatu vyao vikitoka mlangoni, vikifuatana kama bata. Cha baba, cha mama, chake. Alikuwa analia, 'Mama, vinaondoka.' Wakatolewa pekupeku. Tangu siku hiyo hajasema habari ya maji. Anasema habari ya viatu tu."

Hakuongeza chumvi hata punje.

Bi Vedrana akageukia upande wa madarasa. Kisha akaita, "Mladen!"

Mwalimu Mladen alikuja, kijana mrefu mwenye chaki hadi kwenye nyusi. Bi Vedrana akamtazama Avdo, na Avdo akaitikia kwa kichwa. Wakarudi chumbani, na mwalimu akaelezwa kwa maneno machache.

"Kumbe," alisema Mladen, akakaa kwenye ukingo wa meza. "Mimi nilidhani ananidharau. Kila akitoka nilimpigia kelele arudi."

"Ndiyo maana tunaandika," alisema Bi Vedrana. "Mtoto aliyepatwa na hofu kubwa, mwili wake hukumbuka kabla ya akili. Akisikia mvua, miguu inakimbia yenyewe. Ukimpigia kelele, hofu inakuwa mbili. Ukimwadhibu, tatu."

"Na risasi?" Avdo akauliza kwa sauti ndogo. "Tulimyeyushia risasi."

"Mzee, moshi wa risasi ni sumu, hasa kwa mtoto. Mama Hanka mkaribisheni kahawa. Amkumbatie mtoto, amwombee dua, hayo yanafaa kabisa. Risasi awaachie wavuvi. Na kituo cha afya kuna mwanasaikolojia wa watoto. Nitawaandikia miadi, mkikubali. Almina naye akubali, maana yeye ndiye mama. Mpigie leo."

Wakamwita Merima. Aliingia na kikombe chake cha chai, ameinamisha macho. Alikuwa amevaa viatu, si ndara.

"Merima," alisema Bi Vedrana, "hakuna anayekugombeza. Tunataka kupanga mambo, na wewe ndiye unayejua zaidi. Mvua ikinyesha, unataka nini?"

Mtoto akafikiri. "Viatu viwe juu."

"Vya kwako?"

"Vyote."

"Haya," alisema Mladen. "Rafu tunaihamishia ghorofani, mlangoni pa darasa letu. Nitaibeba mwenyewe. Kingine?"

"Na mtu aniambie maji yako wapi."

Watu wazima wakatazamana. Hilo hakuna aliyelifikiria. Mtoto hakuwa anataka kuambiwa *usiogope*. Alitaka habari.

"Mimi!" Avdo akaruka kama aliyekalia sindano. "Mimi nitakwenda darajani kila mvua ikinyesha. Pale nguzoni pana alama za kupimia maji. Nitasoma, nitapiga simu shuleni."

Merima akainua macho kwa mara ya kwanza.

"Si Babu! Babu ataongeza."

Miwani ya Bi Vedrana ikaanguka kabisa. Mladen akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Wakakubaliana. Babu atasoma, Bibi atapiga simu.

Bi Vedrana akaandika mpango mbele yao wote, akiusoma kwa sauti. Asubuhi ya mvua, mwalimu atamwambia Merima mapema, na atampa habari ya mto. Hofu ikija, Merima ataweka kadi ya kijani juu ya dawati, bila kusema neno, aende kwenye chumba cha mshauri. Huko atakanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, atavuta pumzi polepole, kisha atarudi darasani. Wenzake hawataambiwa kisa chake, ila akitaka mwenyewe. Kila mwezi watakaa tena, wasome kilichoandikwa, waone kinachosaidia na kisichosaidia. Avdo akatia sahihi. Merima naye akaomba kalamu, akachora kiatu.

Mchana ule, kwenye mkutano wa walimu, alama ya mwenendo haikushushwa. Mwalimu wa zamu alinung'unika kidogo. Bi Vedrana akamuuliza, "Umeona nini, au umedhani nini?" Wazazi waliambiwa kwamba viatu vyote vimerudi, na kwamba hakuna aliyeiba.

Nyumbani, Bibi Hasnija alisikiliza yote huku anakata pita.

"Na ulisema ukweli? Wewe? Wote?"

"Wote."

"Afadhali. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Kula." Akamkatia kipande cha katikati, kile anachowawekea wageni. Jioni walimpigia Almina. Alilia kidogo, akacheka kwa habari ya kadi ya kijani, akakubali miadi.

Haikuwa uchawi. Mvua ya kwanza, Merima aliweka kadi mezani, akakaa kwa Bi Vedrana karibu kipindi kizima. Mvua nyingine alirudi mapema zaidi. Siku moja alianza kupanda ngazi za dari, akasimama katikati, akageuka mwenyewe. Bi Vedrana aliyaandika hayo yote, na babu aliyasoma yote, akisogeza kidole chini ya maneno. Kituo cha afya nako Merima alikuwa anakwenda. Alikuwa anachora mto. Mwanzoni ulijaza karatasi nzima. Baadaye ulipata kingo, kisha daraja, kisha mtu mdogo mwenye mwavuli juu ya daraja.

Mwezi Mei ikaja mvua kubwa. Mzee Avdo akaenda darajani, akasoma alama, akarudi mbio kumwambia mkewe: maji yako chini sana. Bibi akapiga simu. Lakini mzee hakutulia. Ile ilikuwa mvua kweli, ile ya kupiga madebe. Akashindwa kunywa hata kahawa. Akavaa koti, akaenda mpaka shuleni, akasimama uani chini ya madirisha ya darasa la tatu, mwavuli umepinduliwa na upepo.

Aliangalia juu. Mladen alikuwa ubaoni. Mikono ilikuwa imenyooshwa, mingi, na mmoja ulikuwa wa Merima. Kadi ya kijani haikuonekana. Goran alimchokoa mbavuni akimwonyesha nje. Merima akageuka, akamwona babu yake amelowa kama kuku aliyeanguka pipani.

Akainuka. Mtoto hakwenda mlangoni. Alikwenda dirishani, akalifungua, na mvua ikamrukia usoni.

"Babu!" alipiga kelele kwa aibu, darasa zima likicheka. "Unafanya nini hapo? Nenda nyumbani, unalowa!"

Kisha akafunga dirisha, akarudi kwenye hesabu zake.