Viatu Mlangoni kwa Waziri

Simu ya kibanda cha lango ililia mara mbili, ikakatika, ikalia tena.

"Theluji imeingia ndani," ilisema sauti kutoka makao makuu.

"Kwa sura gani?"

"Hatujui. Harakisha."

Mine Hatsuse alikata simu. Muuaji waliyempa jina la siri Theluji alikuwa tayari nyumbani kwa waziri.

Tokyo, Desemba 1931. Mzee Kurata Yasunosuke, waziri wa fedha, alikuwa akipokea wageni kama kila asubuhi. Alianza maisha akifagia zizi la farasi. Serikali nne zilimfukuza. Ya tano ilimbembeleza arudi. Saa sita mchana angepiga muhuri amri ya kuzuia dhahabu isitoke nchini. Walanguzi walikuwa na meli bandarini Yokohama, ikipakia. Mzee akifa mapema, meli inaondoka na dhahabu.

Miezi mitatu Mine, askari wa siri, alijifanya mtumishi wa nyumba hiyo, bastola ndogo ya Nambu ndani ya mkanda wa kimono.

Alikimbia hadi mlangoni. Jozi sita za viatu, zimeachwa ovyo.

Ya saba haikuwa ovyo.

Ncha zimelingana kama zimepimwa kwa rula. Kamba zimelegezwa, zimesukumwa ndani, tayari kuvaliwa gizani king'ora kikilia. Mwenye viatu hivyo alijitambulisha kwake langoni kuwa karani wa hariri kutoka Nagano.

Karani hapangi viatu hivyo. Kambi ndiyo hufundisha.

Mine hakuvua vyake. Alipita juu ya mikeka na matope yake yote, jambo ambalo mama yake angezimia kuliona.

Karani alikuwa ameinama mbele ya waziri, paji la uso mkekani, mkono chini ya furushi la zawadi. Aligeuka aliposikia kishindo cha viatu.

Akachelewa.

Teke moja. Furushi likaruka, bastola ikateleza hadi ukutani. Nambu ya Mine ikamgusa sikio.

"Kambi haijakutoka miguuni, afande."

Mzee Kurata alimalizia chai yake. "Nilimuuliza bei ya hariri," alisema, "akanitajia ya mwaka jana."

Polisi walimburuta muuaji nje. Saa sita kamili muhuri ulishuka, na Yokohama wakaamriwa kushusha mizigo.

Mine alikuwa ameshafika kizingitini. Genzo, mtunza nyumba, alimfuata akinyooshea kidole nyayo za matope. Alimkumbusha kwamba mikeka ilibadilishwa juzi, na kwamba katika miaka arobaini hakuna aliyekanyaga mikeka ya nyumba hiyo na viatu.

"Rudi ndani, binti. Piga magoti, umwombe mzee radhi."

Mine alirudisha bastola mkandani.

"Siombi, babu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."