Kipindi Kisicho na Mtazamaji

Kila siku ya shule, ikifika saa tisa na nusu alasiri, Chiriku alivua viatu mlangoni, akamwamkia babu yake, akampa maji ya kunywa, kisha akasogeza tableti mezani kwa ajili ya mazoezi ya babu. Jina la Chiriku alipewa na babu mwenyewe, maana msichana huyo wa miaka kumi na miwili hakunyamaza hata akiwa na chakula mdomoni. Babu naye alikuwa kinyozi mwenye chumba chake cha kunyolea, na kinyozi gani asiyependa porojo? Walikuwa chanda na pete.

Porojo hizo zilikuwa kabla ya kiharusi kubisha hodi. Kilimpoozesha babu mkono wa kulia, kikamwachia neno moja tu la kusema: "Sawa." Ukimuuliza kama ana njaa, sawa. Ukimwambia paa linavuja, sawa.

Mtaalamu wa tiba ya viungo wa hospitali, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, aliwaelekeza vizuri. "Kuna kipindi cha mazoezi ya waliopata kiharusi. Televisheni hukionyesha asubuhi. Mkikikosa, mtakipata mtandaoni kwa siku thelathini. Nusu saa kila siku. Mkono huu bado una nafasi."

Mama alifanya kazi ya kufua mashuka hotelini kutwa nzima, hivyo alimwachia Chiriku kazi hiyo. "Mwanangu, nakutegemea wewe," alimwambia.

Wiki ya kwanza mtoto alijitahidi, hakuna ubishi. Shida ilianzia shuleni. Wenzake walikuwa wakisimulia tamthilia ya mapacha waliopotezana, na yeye anatumbua macho tu. Siku moja akasema, "Babu, leo mtandao unasumbua," akaigeuzia tableti upande wake na kutazama sehemu aliyoikosa. Moja ikazaa tatu.

Lakini mama alikuwa na mazoea yake. Wakati wa mapumziko alifungua akaunti ileile ya vipindi kwenye simu yake, akaangalia mstari mwekundu unaotokea chini ya kipindi kilichotazamwa. Basi Chiriku akaitafuta simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka, akafungua humo kipindi cha mazoezi, akazima sauti na kuisukuma chini ya mto wa kiti. Mwalimu wa mazoezi akawa anaufundisha mto, babu akitazama dirishani, na Chiriku akiwalilia mapacha. Mstari mwekundu ukajaa kila siku. Mjanja huyo!

Babu alijua. Ulimi wake ndio uliofungwa, si macho.

Baada ya wiki sita walirudi hospitalini. Mtaalamu alijaribu kukunjua vidole vya babu, vikakataa. "Mazoezi mmefanya?" aliuliza.

"Hatujaruka hata siku moja," mama akajibu, akatoa simu yake kwa fahari. "Tazama mwenyewe."

Mtaalamu akaitazama ile mistari myekundu. "Mzee, ni kweli umefanya kila siku?"

Babu alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu. "Sawa," akasema.

Chiriku akainamisha kichwa.

"Basi sitawadanganya," alisema mtaalamu, akiuweka mkono wa babu taratibu. "Mtu akifanya mazoezi wiki sita na vidole vikabaki hivi, tusizidi kumtesa. Tuuache mkono, tushughulikie mguu."

Walipotoka nje, mama alisema kwa sauti ndogo, "Baba, chumba cha kunyolea tukiache. Yule mama wa saluni ya jirani anakitaka. Jioni hii nitampa ufunguo." Babu akajifunika uso kwa mkono wa kushoto, akalia waziwazi kwenye benchi la hospitali, watu wakipita. Chiriku hakuwahi kumwona akilia, hata siku walipomzika bibi.

Mama aliwafikisha nyumbani, akarudi kazini. Hapo hapo Chiriku akaifungua tableti kwa pupa. Somo la kufungua vidole, lile la wiki ya pili, lilikuwa limepitisha siku thelathini, na mahali pake pameandikwa: "Kipindi hiki hakipatikani tena." Akajaribu kwenye simu iliyopasuka. Hakipatikani. Akawasha televisheni, akaingia kwenye akaunti. Hakipatikani. Akachukua kipindi cha karibuni na kuanza kuvuta vidole kama alivyoona, haraka haraka, mpaka babu akatoa mlio wa maumivu na jasho likamtoka.

Chiriku aliuachia mkono, akaanguka magotini. "Nisamehe, babu! Nimekuharibia mkono wako!"

Babu alimpapasa kichwa. Heri angempiga kofi.

Chiriku alimwita jirani akae na babu, akakimbia hadi hotelini, akaingia kwenye chumba cha kufulia chenye mvuke na ngurumo za mashine. Akamtia mama mkononi ile simu kuukuu.

"Mama, usitoe ufunguo. Mazoezi hakufanya. Simu ilikuwa chini ya mto, peke yake. Mimi nilikuwa natazama tamthilia."

"Lakini babu yako alikubali mbele yetu!"

"Alinifichia nisigombezwe, mama."

Mama alizima mashine, akaketi juu ya kikapu cha mashuka. Akajifuta macho. "Twende. Utayasema mwenyewe kwa mtaalamu. Mimi sitakusaidia hata neno."

Hospitalini Chiriku alisema yote, huku akilia. Mtaalamu alikunja uso. "Kwa hiyo amefanya wiki moja tu?"

"Moja tu, daktari."

"Basi mkono haujashindwa. Haujajaribiwa. Ila tumepoteza siku zilizokuwa na thamani kubwa, kwa hiyo siahidi kitu. Masomo yaliyoondolewa nitawafundisha mimi. Kesho mleteni."

Ufunguo haukutolewa. Miezi miwili ilipita, na ilikuwa migumu. Kuna siku babu alikataa, kuna siku wote wawili walilia. Mwishowe vidole vikaanza kukunjuka, kimoja kimoja. Mkasi bado ulimshinda, lakini kitana alikishika mwenyewe, akakipitisha kwenye nywele za mjukuu wake mbele ya mtaalamu.

"Wiki hii mmefanya siku ngapi?" mtaalamu aliuliza. Mama akaanza kutoa simu. "Hapana, namuuliza yeye."

"Tano," Chiriku akajibu. "Siku moja babu alichoka. Siku nyingine nilichelewa mimi."

Mtaalamu aliandika tano, akaweka kalamu chini. "Sikiliza, binti yangu. Mimi humtibu mtu kwa yale ninayoambiwa. Ile siku mliponionyesha mistari myekundu, nilimtibu babu mwingine, ambaye hajawahi kuwepo. Babu yako aliyekuwa mbele yangu nikamnyima dawa. Hiyo tano yako ina upungufu, lakini ni ya kweli, na kwa hiyo naweza kumsaidia."